Dirisha la Tatu

Anakuja Jumanne, suti yake rangi ya vumbi,
kofia mkononi, bahasha kwapani.
Hanijui.
Jina langu liko kwenye kibao mbele ya pua yake,
Musawu Tshiamala, karani wa hati,
naye anakipitia kama mtu asomaye bei ya chumvi.
Mtenda kasahau. Mtendwa ndiye mwenye muhuri.

Nafungua faili.
Kiwanja, Katuba. Matofali mekundu, vyumba vitatu, jiko la nje.
Hawakuandika ufa nyuma ya jiko
tulimoficha kijiko cha bibi,
wala kizingiti kilichoning'oa jino.
Hawakuandika asubuhi ile
aliposimama na chaki akachora mlango wetu,
na watoto niliokuwa naruka nao kamba
wakaimba: bilulu, bilulu watoke,
wadudu warudi Kasai.
Kasai sikuwahi kuiona.
Nilikuwa na miaka tisa. Nikaitazama miguu yangu,
nikaihesabu: miwili.

Stesheni tulilala majuma saba tukingoja treni.
Mdogo wangu Kabanga hakuingoja.

"Rudia kesho, muzee," nasema.

Na kesho anarudi.
Kesho kutwa, vilevile.
Kisasi changu hakina panga wala petroli,
kina droo.
Karatasi moja ikidondoka nyuma ya kabati
panya watalaumiwa, kama kawaida,
naye atazeeka na nyumba isiyo yake
kama sisi tulivyozeeka bila yetu.
Nani aniite mwovu?
Korti gani ilikaa siku moja kwa ajili ya Kabanga?
Usiku nala bukari na sombe, na kwa mara ya kwanza
baada ya miaka mingi, naona chumvi imekolea.

Siku ya nne jua linapiga mabati,
foleni imeyeyuka, amebaki yeye.
Hana hasira. Anaegemea ubao wa dirisha,
anasema, si kwangu hasa, anasema kwa ubao:
"Baba yangu naye alisimama hivi hivi.
Biro ya kuandikisha kazi, kule mgodini.
Karani Mkasai, miwani imefungwa uzi wa bluu.
Miezi miwili, rudia kesho, rudia kesho.
Akamwita kichwa cha mti mbele ya watu.
Sisi wenye udongo,
tukaombe ruhusa ya kuuchimba."

Uzi wa bluu.
Miwani ile niliifuta mimi, kwa pindo la gauni,
kila jioni baba akiingia.

Basi chaki ile ilikuwa jibu?
Nakataa.
Miguu ya baba yake juani
si kaburi la mtoto kando ya reli.
Hakuna mizani ya kuvipima hivyo viwili,
na atakayeileta nitaivunja.
Nakataa mara ya pili, kwa nguvu zaidi,
maana naanza kusikia
kinywa changu kimesema siku nne nzima maneno ya baba,
kwa sauti ya baba,
hata kile kikohozi chake kidogo
kabla ya neno kesho.

Wapo wanaoniambia samehe, midomo ina mafuta.
Wapo wanaoniambia lipiza,
nao wamekaa mbali na moto.
Hakuna hata mmoja wao aliye hapa,
saa nane, dirisha la tatu,
na mzee huyu anayetetemeka magoti.

Nainuka. Nakizungusha kiti changu hadi upande wake.
"Ikala, muzee."
Anaketi polepole.
"Unisamehe, mama," anasema. "Ni magoti haya."

Hiyo ndiyo samahani niliyopewa. Ya magoti.

Sijasema nimesamehe.
Muhuri uko palepale, wino wake unakauka.
Nasimama, yeye amekaa, faili iko kati yetu,
nami namuuliza:
"Ule ufa nyuma ya jiko,
mliuziba?"

Vidole vinakoma juu ya kofia.
Anainua macho,
anakitafuta kibao,
na sasa anakisoma.